Mzigo wa Kwanza wa Mtoto: Neno kwa Wazazi wa Choma Juu ya Shule ya Msingi

Mwezi wa Novemba mwaka 1857 Mwingereza mmoja, Richard Burton, alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akifuata njia ya misafara itokayo Pwani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliandika habari nyingi za Wanyamwezi na kazi yao ya upagazi. Mengi aliyatazama kwa jicho la dharau, lakini jambo moja aliloliandika lastahili kukumbukwa: kwamba mtoto wa Kinyamwezi, afikapo umri wa miaka 6 au 7, alikuwa akitwikwa begani pembe ndogo ya ndovu ili ajifunze kubeba.

Maana yake twaielewa. Wazee wale walijua kwamba safari haifundishwi siku ya safari. Walijua pia kwamba bega la mtoto lina kiasi chake, wakamchagulia mzigo uliolingana nalo. Huzuni ya habari ile ni kwamba pembe zile zilikuwa mali ya watu wengine, na faida yake ilikwenda ng'ambo. Leo mtoto wa umri ule ule, katika nchi ile ile, anatwikwa mzigo mwingine, nao ni mkoba wa daftari. Mali iliyomo ndani yake ni yake mwenyewe, wala hakuna wa kumnyang'anya. Basi yatupasa tujiulize kama sisi twamwandaa kwa uangalifu ule ule waliokuwa nao wazee wetu.

Twaandika haya tukiwakumbuka hasa ndugu zetu wa Choma, katika Wilaya ya Igunga, na wa vijiji vyote vya bonde la Manonga, wakulima wa mpunga na pamba na wafugaji wa ng'ombe. Lakini neno letu ni la kila mzazi mwenye mtoto anayekaribia darasa la kwanza.

Zamani mzazi hakuwa na la kuchagua. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, iliwekwa hasa kwa ajili ya wana wa watemi, ili wajifunze kutawala kwa niaba ya Mwingereza. Shule za misheni zilipokea watoto wa watu wa kawaida, na kazi zilizofanya ni kubwa, nasi tuliolelewa humo hatuwezi kuikana; lakini aliyetaka kusoma alipokea kitabu na dini katika mkono mmoja. Wazungu walikuwa na shule zao, Waasia zao, Waafrika zao, mpaka ubaguzi huo ulipoondolewa mwezi Januari mwaka 1962. Wazee husimulia kwamba baadhi ya wazazi walipotakiwa kutoa watoto waliwaficha wale waliowapenda, wakawapeleka wale ambao nyumbani hawakuonekana kuwa na faida. Miaka ikapita, na yule asiyependwa akarudi akiwa mwalimu, karani au tabibu, na yule aliyefichwa akabaki akimwomba amsomee barua yake.

Kisha nchi ikaamua kwamba kila mtoto asome. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka lengo la kuwaandikisha watoto wote wenye umri wa kusoma ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikamfunga mzazi kwa wajibu huo. Baadaye mambo yakalegea na michango ikarudi kwa majina mbalimbali. Ada ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu Januari 2016 elimu katika shule za Serikali hutolewa bila ada. Wakati huo huo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango watu binafsi, na shule za msingi zifundishazo kwa Kiingereza zikaenea katika miji.

Ndivyo mzazi alivyokuja kuwa na la kuchagua. Tena ndipo yalipoanza makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba shule nzuri ni ile yenye ada kubwa. Mzazi auza ng'ombe, ampeleka mwanawe wa miaka 6 bweni la mbali, kwa sababu ameona basi la shule limepakwa rangi ya manjano na watoto wamevaa soksi ndefu. Hajauliza nani atamwamsha mtoto usiku aumwapo, wala nani atamfundisha darasani. Mwaka wa pili mvua zinakataa, ng'ombe wa kuuza hakuna, na mtoto anarudishwa kijijini katikati ya mwaka. Huko alikotoka alifundishwa kwa lugha moja, huku anakoingia anafundishwa kwa nyingine, na hasara ya mambo hayo inamwangukia yeye asiye na kosa.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo ndilo lililoenea zaidi vijijini, yaani kutochagua lo lote. Mzazi husema shule ni shule, amwandikishe mtoto iliyo karibu, asikanyage tena hapo mpaka siku ya kuitwa kwa sababu ya utoro. Mtu wa namna hiyo akinunua jembe hulipiga kwa kidole asikie mlio wake. Akinunua ndama humfungua kinywa atazame meno. Lakini mahali atakapokaa mwanawe miaka 6 hapatazami hata nusu siku.

Sisi twasema hivi: kwa walio wengi wetu shule ya mtoto ni ile iliyo karibu, wala hakuna aibu katika jambo hilo. Lakini shule iliyo karibu huwa nzuri au mbaya kwa kadiri wazazi wanavyoingia ndani yake. Kwa hiyo kuchagua shule si kazi ya siku moja ya kulinganisha majina. Ni kuichungulia, kuijua, na kuisimamia.

Mzazi na aende siku ya kawaida, asubuhi, si siku ya sherehe wala ya wageni. Aanze na darasa la kwanza, ahesabu watoto. Kipimo kilichowekwa na Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na kwa darasa la awali ni watoto 25. Akikuta watoto 100 mbele ya mwalimu mmoja asikimbie wala asikate tamaa, ila ajue kwamba hapo nyumbani patahitajika kufanya kazi mara mbili, na kwamba ana jambo la kulisema katika mkutano wa kijiji. Aulize ni mwalimu gani aliyepewa darasa la kwanza. Shule yenye hekima humweka huko mwalimu wake hodari, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma akifika darasa la tatu hufunikwa na kila somo linalofuata. Shule isiyo na hekima huwaweka hodari wote darasa la mtihani, na wadogo huachiwa ye yote aliyebaki.

Kisha amwombe mwalimu ruhusa, amwite mtoto wa darasa la pili, ampe kitabu, asikilize akisoma mistari miwili. Hiyo ndiyo hesabu ya shule iliyo ya kweli kuliko rangi ya ukuta. Mzazi asiyejua kusoma naye aweza kuifanya, maana sikio lake litamwambia kama mtoto anasema au anagugumia.

Atazame vyoo. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Jambo hili wengine huliona dogo, lakini binti anayekua hukaa nyumbani siku nyingi kwa sababu ya choo tu. Atazame maji. Atazame njia yenyewe: je, kuna mto au korongo ambalo mwezi wa Machi hujaa? Shule iliyo karibu wakati wa kiangazi yaweza kuwa mbali sana wakati wa masika. Aulize kama watoto hupata uji au chakula cha mchana, maana mtoto wa miaka 6 aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula hafundishiki saa tano.

Mwisho atazame ubao wa matangazo. Ruzuku iliyopangwa mpango wa elimu bila ada ulipoanza ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Si fedha nyingi, ndiyo maana kila senti yapaswa kujulikana imekwenda wapi. Shule ibandikayo hesabu zake hadharani ina mwalimu mkuu asiyeogopa na kamati iliyo hai. Na mzazi ajue haki yake pia: mchango uliokubaliwa na wazazi ni jambo jema, lakini mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu ya mchango. Vilivyo juu ya mzazi mwenyewe ni sare, madaftari na kalamu, chakula na matibabu ya mtoto wake.

Sasa tuje kwenye umri, maana hapa ndipo watoto wengi wa nchi ya wafugaji wanapopotea.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba mtoto asianze shule mapema mno, ili amalizapo shule ya msingi awe amekua kiasi cha kufanya kazi na kuwa mwananchi kamili. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa kuwa wakati ule walio wengi waliishia hapo. Wako wanaoishika hadi leo wakisema mtoto wa miaka 6 ni mdogo, acha achunge kwanza. Lakini mambo yamebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, yaweka darasa la awali kwa mtoto wa miaka 5 na darasa la kwanza kwa mtoto wa miaka 6, na elimu ya lazima ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Anayeanza na miaka 6 atafika mwisho wa safari hiyo akiwa na miaka 16. Hoja ile ya zamani imejibiwa na urefu wa safari yenyewe.

Na anayecheleweshwa je? Kila msomaji wetu wa Choma anamjua mtoto wa namna hiyo. Aliambiwa mwaka huu chunga, mwakani utasoma. Mwakani ng'ombe wakaongezeka. Akaja kuandikishwa ana miaka 9, akaketi na watoto wanaomfika kifuani, akachekwa kila alipokosea herufi. Mwaka wa tatu sauti ya njuga za ng'ombe ikamwita kuliko kengele ya shule, akatoroka, na baba akasema, "Huyu hakuumbwa kwa kusoma." Twasema hapana! Aliumbwa kama wenzake, ila alichelewa, na aliyemchelewesha ni yule anayemhukumu. Kwa binti jambo lina ukali zaidi, kwa kuwa miaka aliyoipoteza mwanzoni huhesabiwa mwishoni na wale wanaomtamani kwa ng'ombe wa mahari.

Juu ya lugha twataka kusema kwa upole. Mtoto wa Choma huingia shule akisema Kisukuma au Kinyamwezi cha mamaye, wala hilo si upungufu. Mwaka 1953 shirika la UNESCO lilitoa taarifa mashuhuri iliyokiri kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto anapoanza ni ile ya mama yake. Shule zetu za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto huyu hukijua kidogo tu. Basi kazi ya mzazi si kumpiga marufuku Kisukuma. Ni kumwongezea Kiswahili kabla ya siku ile. Anayesalimu "mwangaluka" kwa bibi yake ajue pia "shikamoo" kwa mwalimu wake. Ajue kusema naomba ruhusa, nina kiu, naumwa, sijaelewa. Maneno manne haya yamewaokoa watoto wengi na machozi ya juma la kwanza.

Tena tuwakumbushe wanaoona haya kwa ajili ya lugha ya nyumbani: Julius Nyerere alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akitoka katika nyumba isemayo Kizanaki. Miaka mitatu baadaye alikuwa hapa Tabora, katika shule ile ya wana wa watemi. Hatumtaji ili mtu aseme basi tuwacheleweshe watoto mpaka miaka 12. Twamtaja ili ijulikane kwamba lugha ya mama haikumzuia.

Maandalizi ya nyumbani hayahitaji fedha. Mtoto ajue jina lake kamili, jina la baba na mama, na kijiji chake. Ajue kwenda chooni peke yake na kunawa mikono. Ajue kufunga vifungo vyake na kutunza kiatu chake. Apewe kijiti achore mchangani, mistari, miduara, ng'ombe, cho chote, ili vidole vyake vizoee kabla ya kushika kalamu. Ahesabu ndama waingiapo zizini jioni. Ahesabu kete za bao. Asimuliwe hadithi, kisha naye aambiwe asimulie, maana mtoto aliyezoea kusikiliza hadithi mpaka mwisho atamsikiliza mwalimu mpaka mwisho. Majuma mawili kabla ya kufunguliwa shule, alale mapema na aamke mapema, na mzazi atembee naye njia nzima, amwonyeshe mahali pa kupita na mahali pa hatari.

Apelekwe zahanati ili macho na masikio yake yatazamwe. Watoto wangapi wameitwa wajinga miaka mitatu, kumbe hawaoni ubao? Na katika nchi ya majaruba ya mpunga kama yetu tusisahau kichocho na minyoo, magonjwa yanayomlegeza mtoto kimya kimya hata akasinzia darasani. Siku dawa zinapotolewa shuleni, mzazi asimfiche mtoto kwa sababu ya uvumi.

Jambo moja la mwisho katika maandalizi ni kalenda. Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na shule hufunguliwa Januari. Lakini Januari kwa mkulima ni mwezi mbaya: ghala limepungua, shamba ladai mikono, na fedha ya pamba na mpunga ilikwisha zamani. Ndiyo maana mtoto huambiwa asubiri sare, na kusubiri huko huwa mwaka mzima. Dawa yake ni nyepesi. Siku ile ile pamba inapouzwa, kabla ya redio mpya na kabla ya karamu, kitambaa cha sare kinunuliwe na madaftari yawekwe sandukuni. Cheti cha kuzaliwa nacho kitafutwe mapema, si siku ya foleni. Lakini asiye nacho asibaki nyumbani kwa sababu hiyo, bali aende akaandikishwe huku akikifuatilia.

Tumesema na wazazi. Sasa twasema na viongozi, nasi wenyewe tumo ndani. Yuko kiongozi anayeketi katika kamati ya shule ya kijiji, anayehimiza wananchi wachange mawe na mchanga, na watoto wake wote wako mjini katika shule ya ada. Sheria haikumkataza, wala sisi hatumwekei mtoto wake kizuizi. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Paa linalovuja halimnyeshei mtoto wake, na mwalimu asiyefika darasani hampunguzii mtoto wake herufi. Mtu huyo atachelewa kuona, na akiona atachelewa kukasirika. Twaamini kwamba shule ya kijiji ingetengenezwa upesi kama watoto wa walio na sauti wangeketi humo pamoja na watoto wa wasio na sauti. Asiyeweza kufanya hivyo na aje walau mara moja kila mwezi, aketi dawati la nyuma la darasa la kwanza, asikilize.

Choma haikosi watu wenye akili, wala Igunga, wala Tabora. Njia ya misafara ilipita katika nchi hii, na mabega ya watu wake yalibeba mali ya ulimwengu kwa miaka mingi. Mwaka huu, uandikishaji utakapofunguliwa, kila mzazi amtazame mtoto wake wa miaka 5 au 6, amshike mkono, ampeleke. Na baada ya kumpeleka, arudi tena shuleni kabla mwezi haujaisha, aulize anaendeleaje.